Ami ananipa dawa ya kusafisha figo, na daktari wangu hajui

Assalaam aleikum, Somo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa na mkaazi wa Langoni, Lamu. Miaka 2 na miezi 3 iliyopita nilipandikizwa figo India. Aliyenipa ni ndugu yangu mdogo, baba mmoja mama mmoja, mvuvi. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mashine ya kusafisha damu. Mwaka mzima nilipanga chumba Mombasa, nikawaacha wanangu kwa mama, kwa sababu safari ya Mokowe na basi mara mbili kwa wiki nisingeiweza.

Tangu nirudi nyumbani, alhamdulillahi, nimekuwa mzima. Nimerudi darasani. Natumia dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo: takrolimasi asubuhi na jioni, maikofenoleti, na prednisoloni kidogo. Kreatinini yangu, kile kipimo cha damu ambacho hupanda figo ikilegea, ilikuwa imetulia kwenye 105.

Sasa shida yangu. Ami yangu, aliyetulea mimi na ndugu yangu baada ya baba kufariki, ni mtu wa dawa za miti. Watu humjia kutoka Matondoni na Kipungani, hata Siyu. Hapendi kuniona nikimeza vidonge maisha yangu yote. Husema, "Mwanangu, dawa hizi za kemikali zakumaliza ndani kwa ndani. Kila ugonjwa Mungu ameuteremshia dawa yake, nawe hata ugonjwa huna tena." Baada ya Idi alinitengenezea unga wa kusafisha figo. Ninavyojua mimi mna habasoda, mlonge na majani ya mwarobaini. Viko na vingine hakunitajia. Ni mchungu usiosemeka. Basi ami akawa ananiletea mabalungi kutoka shamba, nayakamua, na unga ule naunywa kwa gilasi ya maji ya balungi kila asubuhi. Siwezi kukudanganya, Somo: mwili ulikuwa mwepesi na hamu ya chakula ikarudi.

Wiki 3 zilizopita nilikwenda kliniki. Daktari akakuta takrolimasi imepanda kwenye damu na kreatinini imefika 138. Nilimwambia pia kwamba mikono yanitetemeka nikishika chaki. Akaniuliza mara mbili kama kuna kitu kipya nakula au nakunywa. Nikasema hakuna. Niliogopa, Somo. Mwaka jana, nikiwa kwenye foleni, nilimsikia mama mmoja akifokewa mlango wazi kwa sababu ya dawa za miti, akatoka analia. Basi daktari akanipunguzia takrolimasi, akaniambia nirudi baada ya wiki 8.

Ami sasa anataka kunipiga hijama ya mgongo, yaani kuniumika, mwezi huu. Mama naye huniletea kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji ya kunywa, kutoka kwa mwalimu kila Ijumaa. Ndugu yangu hajui lolote kuhusu ule unga, na nikimwona amevua shati akikunja nyavu, lile kovu lake nashindwa kuliangalia.

Nimefikiria niache unga ule na maji ya balungi polepole, nisimwambie ami wala daktari, mambo yaishe. Je, ni sawa? Na kama ni lazima kumwambia daktari, nitaanzaje?

Mwenye figo ya nduguye, Langoni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nakujibu kwanza lile lenye haraka. Hapana, usiache kimya kimya. Piga simu kliniki leo, kama si kwa daktari basi kwa muuguzi wa kitengo cha figo, na useme yote. Usingoje zile wiki 5 zilizobaki. Na usiongeze wala usipunguze kidonge chochote kwa akili yako kabla hujasikia kutoka kwao.

Sasa nikueleze kwa nini, maana katika barua yako kuna neno ulilolipita haraka, na mimi ndilo lililonishtua. Wewe una wasiwasi na unga. Mimi niliposoma "gilasi ya maji ya balungi" niliweka simu chini kwanza.

Takrolimasi ni dawa ya kupimwa kwa mizani ya sonara. Ikizidi kidogo katika damu inaibana mishipa midogo ya figo ile ile inayoilinda, kreatinini inapanda, mikono inatetemeka. Ikipungua kidogo, mwili unaitambua figo kuwa ni mgeni na unaanza kuishambulia. Katika ukuta wa utumbo, na katika ini pia, mna kimeng'enya kinachoivunja sehemu kubwa ya dawa hiyo kabla haijafika kwenye damu. Daktari anapokuandikia miligramu kadhaa, hasara hiyo ameshaihesabu. Balungi linakiua kile kimeng'enya cha utumbo. Si kwa saa moja au mbili: mwili unahitaji siku nzima, hata siku 2 au 3, kukitengeneza upya. Ndiyo maana kunywa balungi asubuhi na kidonge mchana hakusaidii kitu. Ukilinywa kila siku, mlango unabaki wazi kila siku, na dawa inaingia kwa wingi ambao hakuna aliyeupanga.

Nikwambie jambo hili lilivyojulikana, utaona halikukupata wewe peke yako. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Kanada, mtafiti David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe inagongana na dawa moja ya presha. Walitaka wale waliojitolea wasijue ni siku gani wamepewa pombe, basi wakaificha ladha yake ndani ya maji ya balungi. Dawa ikapanda kwenye damu kupita matarajio yao yote. Walitafuta sababu huku na huku, kumbe ni yale maji ya kufichia ladha. Ami yako naye alilitafutia balungi kazi hiyo hiyo, kuficha uchungu, kwa mapenzi tu. Watu wa maabara walishangaa, yeye angejuaje?

Sasa tazama yaliyotokea wiki 3 zilizopita. Daktari ameona dawa imepanda, ameuliza, ameambiwa hakuna kipya. Akafanya alichopaswa kufanya: akapunguza kidonge. Yaani kipimo unachomeza leo kimepangwa kwa mwili wenye balungi ndani yake, ingawa aliyekipanga hajui. Ukiliacha balungi kimya kimya, kile kimeng'enya kitarudi kazini, kitaivunja dawa kama zamani, na kidonge chenyewe ni kile kilichopunguzwa. Dawa itashuka chini ya pale ulipokuwa kabla ya Idi. Hapo ndipo figo hukataliwa, tena mara nyingi bila maumivu na bila dalili yoyote mpaka kreatinini ipande. Njia uliyodhani ni ya salama kuliko zote, ya kuacha polepole mambo yaishe, ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Nadhani watakwambia uache balungi na unga mara moja, upime damu baada ya siku chache, warekebishe kidonge, kisha upime tena. Hiyo hesabu ni yao. Damu ya kupima takrolimasi hutolewa asubuhi kabla hujameza dozi, saa 12 baada ya ile ya jioni. Nimewaona wagonjwa wa visiwani wakimeza alfajiri kabla ya kupanda mashua, wakafika hospitali na kipimo kimeshaharibika. Kidonge kitie mkobani, ukimeze baada ya sindano. Uliza pia kama damu inaweza kutolewa hapo hapo Lamu ikatumwa. Na ikiwa wakati wowote utapata homa, mkojo ukapungua, miguu ikavimba, au pale nyongani ilipowekwa figo pakauma, hiyo si habari ya simu tena. Ni ya kuondoka siku hiyo.

Kuhusu unga wenyewe, nitakuwa mkweli kwako kama ulivyokuwa kwangu. Habasoda chache juu ya mkate wa mofa hazinisumbui, wala tangawizi kwenye chai, wala manjano kwenye mchuzi. Chakula ni chakula. Mambo hubadilika pale kitu hicho kinaposagwa, kikakusanywa, kikanywewa kwa kijiko kila siku kama dawa, kwa sababu wakati huo kinakuwa dawa kweli, na dawa hukutana na dawa. Habasoda katika maabara imeonekana kugusa vimeng'enya vya ini vya aina hiyo hiyo. Mwarobaini na mlonge watu huvisifu kwamba vinapandisha kinga ya mwili. Basi jiulize: wewe kila asubuhi na jioni unameza vidonge vya kuishusha kinga isiidhuru figo ya nduguyo, kwa nini tena unywe cha kuipandisha? Na vile "vingine hakunitajia" ndivyo nisivyoweza kuvivumilia kabisa. Kwa mtu mwenye figo 2 zake mwenyewe ningesema tahadhari. Kwako wewe nasema hapana.

Usije ukadhani ni miti yetu tu yenye matata. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliandika habari za wagonjwa 2 waliopandikizwa moyo, wakaanza kutumia haiperikamu, mmea wa maua ya manjano ambao Wazungu huunywa kwa huzuni na kukosa usingizi. Huo ulifanya kinyume cha balungi: uliikimbiza dawa ya kushusha kinga nje ya mwili, na miili yao ikaanza kuikataa mioyo ile. Na Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene walivyopewa kliniki mjini Brussels; mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye sumu, na wengi wao waliishia kwenye mashine kama ulivyokuwa wewe.

Kwa kuwa uko Lamu nitalitaja na birimbi. Achari ya birimbi kidogo pembeni ya wali ni jambo moja. Lakini kuna wanaoyakamua wakanywa gilasi tupu, eti hushusha mafuta au presha. Birimbi lina asidi ya oksaliki nyingi, ambayo hugeuka chembe ndogo ngumu ndani ya figo. Mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, walieleza wagonjwa 10 ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa maji ya birimbi. Ami akikubadilishia balungi kwa birimbi, kataa. Furungu nalo ni ndugu wa balungi kwa hili, na danzi na ndimu pia huingizwa katika orodha hiyo. Chungwa la kawaida halina neno.

Hijama, si sasa. Najua ni sunna na najua wengi wanapata raha nayo. Lakini ni kuchanja ngozi ya mtu ambaye kinga yake imeshushwa makusudi. Kidonda ambacho kwa ami kingekauka kwa siku 3, kwako kinaweza kugeuka usaha na homa ya kulazwa. Wembe usio msafi huleta pia homa ya ini. Kama roho yako inaitaka, iweke katika orodha ya maswali kwa daktari. Na popote usikubali iguse mkono uliokuwa na mshipa wa mashine.

Kombe, mwanangu, kunywa. Sioni sababu ya kukunyima, wala ya kumnyima mama yako hiyo Ijumaa yake. Nina masharti 2 tu: maji na sahani, na marashi kama hutiwa, viwe safi, maji yawe yamechemshwa, na kilichoandikiwa kiwe zafarani ya kweli, kisiwe wino wala rangi ya unga ya dukani. Tumbo la kuhara kwa mtu wa takrolimasi si jambo dogo, kwani kuhara nako huipandisha dawa hiyo kwenye damu.

Tuje kwa daktari. Tafiti za nchi nyingi zimekuta wagonjwa wa viungo vilivyopandikizwa wanatumia mitishamba na wengi hawasemi, na sababu yao mara nyingi ni kama yako: hawakuulizwa kwa upole, au walimwona mwingine akifokewa. Nilikuwa muuguzi miaka mingi, na hili linaniuma. Anayemfokea mgonjwa kwa kusema kweli anawafunza uongo wote waliokaa nje kwenye benchi. Yule mama aliyetoka analia amekugharimu wewe wiki 3. Lakini hasira yangu haitakusaidia leo, kwa hiyo chukua maneno haya uyasome kwenye simu kama yalivyo:

"Mimi nimepandikizwa figo, kliniki yangu ya mwisho ilikuwa wiki 3 zilizopita. Mlinipunguzia takrolimasi. Niliulizwa kama kuna kitu kipya, nikasema hakuna, na si kweli. Tangu Idi nakunywa maji ya balungi kila asubuhi pamoja na unga wa miti. Bado natumia. Nifanye nini leo?"

Yamekwisha. Usijieleze zaidi, usiombe radhi mara saba. Ukisikia tu "balungi" na "mlinipunguzia" katika sentensi zinazofuatana, muuguzi yeyote wa figo ataamka kitini. Akikukemea, subiri amalize, kisha rudia swali la mwisho.

Na ami. Hapa ndipo barua yako ilipo nzito, naona. Usimwendee na habari za balungi kama mtu aliyemfumania. Nenda baada ya alasiri, akiwa ametulia barazani, na umwendee kwa haja: unamhitaji. Hakuna mtu mwingine duniani anayejua kilichomo katika unga ule, na daktari anakihitaji kwa majina. Mwombe akutajie kimoja kimoja, uandike mbele yake, utie na unga kidogo kwenye mfuko. Mganga anayeheshimiwa hukasirika anapopuuzwa. Akiulizwa elimu yake ni nadra kukasirika.

Akikwambia vile vidonge ni kemikali, mweleze takrolimasi ilikotoka. Ilipatikana mwaka 1984 Japani, kutoka kwa bakteria waliookotwa katika udongo wa Tsukuba. Maikofenoleti asili yake ni ukungu, wa jamii ya ule uotao kwenye mkate uliolala. Nayo basi ni viumbe vya ardhi ya Mungu. Tofauti yake na unga ni kwamba tunajua kila kidonge kina kiasi gani, na tunaweza kukitafuta kwenye damu yako asubuhi tukakuta kimebaki kiasi gani.

Na akikwambia huna ugonjwa tena, hapo amekosea, mwambie kwa adabu. Figo ya kwanza kupandikizwa ikafanikiwa ilikuwa Boston mwaka 1954; ilitolewa kwa Ronald Herrick, na daktari Joseph Murray akaitia kwa Richard, pacha wake wa kufanana kabisa, na mwili wa Richard haukuona ugeni wowote. Wewe na nduguyo mmetoka tumbo moja lakini si mapacha. Mwili wako utaendelea kuijua figo ile kuwa si yako mpaka mwisho, na vidonge ndivyo vinavyoushika mkono. Ami aliwalea nyote wawili. Mwambie hivi: "Ami, hii niliyonayo ni amana ya mwanao wa kiume." Nadhani ataelewa kuliko madaktari wote.

Kisha mpe kazi, kwa sababu mtu aliyezoea kutibu hawezi kukaa mikono mitupu mbele ya mtoto wake. Akukande miguu kwa mafuta ya nazi jioni. Akusomee. Afuatane nawe mpaka Mombasa, akae ndani ya chumba cha daktari, aulize mwenyewe maswali yake. Ule wepesi uliouhisi siupingi, mwanangu. Huenda nusu yake ni kwamba kila asubuhi kulikuwa na mzee aliyebeba mabalungi kutoka shamba kwa ajili yako.

Ndugu yako mwambie baada ya simu, si kabla, na umwambie wewe mwenyewe asije akasikia kwa jirani. Yeye ana figo moja sasa. Unga ule ule usije ukampitia na yeye akiuliza dawa ya uchovu, wala vile vidonge vya diklofenaki ambavyo wavuvi huvimeza kwa mgongo.

Piga simu kwanza. Ukishapimwa, niandikie nambari mbili tu, ya takrolimasi na ya kreatinini, nami nitakuwa nazisubiri.

Somo